Kukarabati Zege Lililochakaa na Kutumia Tena Vifusi Vyake

Zege linapomeguka na nondo kuonekana, wengi hukimbilia kuziba shimo kwa plasta na kupaka rangi. Kazi hiyo haidumu, kwa sababu kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilichoizaa, na msukumo wake ndio unaolipasua zege kutoka ndani.

Anza kwa kugonga eneo lote kwa nyundo ndogo, hata panapoonekana pazima, na uzungushie chaki kila mahali panapotoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Vunja kipande kidogo, kisha nyunyizia fenoftalini, dawa ya kupimia alikali, kwenye zege lililotoka kuvunjwa: panapogeuka waridi bado pana alikali ya kuilinda nondo, na pasipobadilika rangi kinga hiyo imekwisha kuliwa na kabonidayoksaidi ya hewani. Kipimo hiki hakioneshi chumvi, kwa hiyo jengo la pwani linaweza kugeuka waridi huku nondo zake zikioza. Ikiwa kilichoharibika ni nguzo au boriti, usivunje chochote kabla mhandisi hajapakagua na mirunda haijasimamishwa.

Kata mipaka ya eneo kwa grinda, wima, kina cha milimita 10 hivi bila kuigusa nondo, ili kiraka kisiishie kwenye ukingo mwembamba unaobanduka. Hatua inayorukwa kuliko zote ni inayofuata: zege lichimbwe hadi milimita 20 au 25 nyuma ya nondo, na uchimbaji uifuate nondo mpaka ufike kwenye chuma kisicho na kutu. Isugue kwa brashi ya waya hadi ing'ae. Ikiwa imeliwa sana, mhandisi ndiye aamue nondo ya kuongeza. Lowesha zege la zamani bila kuacha maji yaliyotuama, paka uji wa saruji, na ushindilie mota (mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji) kabla uji huo haujakauka. Funika kwa magunia yenye maji kwa siku 7 au zaidi.

Vifusi navyo visitupwe ovyo, ingawa mahali pake si kwenye kiraka. Ondoa mbao, vigae na hasa jasi, ambayo salfeti yake hulivimbisha zege jipya. Vilivyotoka kwenye sehemu zenye chumvi visiwekwe karibu na nondo kabisa. Ponda, chekecha, na chembe zilizo chini ya milimita 5 zitumie kujazia ardhi. Kokoto zinazobaki juu ya chekecheo hunywa maji mengi kwa sababu ya mota ya zamani iliyozigandia, hivyo ziloweshe siku moja kabla na uzichuje. Fundi anayengoja mchanganyiko ukauke ndipo aongeze maji huishia na zege dhaifu. Zikichukua nafasi ya kokoto za kawaida kwa kiwango kisichozidi asilimia 30, uimara wa zege hupungua kidogo tu, nalo hufaa kwa sakafu za chini na njia za miguu. Kwa kazi ya kubeba mzigo, tengeneza kwanza michemraba ya zege ya kupima uimara na usubiri matokeo yake ya siku 28.