Namna ya kutumia kitabu cha mapishi kwa mboga za msimu

Katika ukanda wetu wa pwani ya Tanzania, mvua za masika za Machi hadi Mei huleta sokoni mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga na mlenda kwa wingi, na bei hushuka. Vitabu vya mapishi havifuati mvua hizo, kwa hiyo mpishi wa nyumbani anahitaji utaratibu wa kuvitumia.

Hatua ya kwanza ni kwenda sokoni kabla ya kuchagua pishi. Muulize muuzaji ni mboga gani iliyochumwa asubuhi hiyo, inunue, kisha ukifika nyumbani ndipo ufungue kitabu.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa, ni kuitafuta mboga hiyo katika faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani havitaji matembele wala mnavu, hivyo tafuta jani lenye tabia inayofanana na lile ulilonunua. Mchicha mchanga huweza kuchukua nafasi ya spinachi karibu katika kila pishi la kukaangwa au la mchuzi. Majani ya maboga nayo hufaa, ila menya kwanza nyuzi za vikonyo, kwa sababu hazilainiki hata yakipikwa kwa muda mrefu. Mnavu na mgagani ni chungu. Vichemshe, mwaga maji, kisha umalizie kwa maziwa au karanga, wala usivitie katika pishi linalotegemea utamu wa jani. Mlenda huvutika, na mahali pake ni kwenye mapishi ya bamia.

Kisamvu kina sharti lake, nami nasisitiza lizingatiwe. Majani ya muhogo yana kemikali ambazo jani likipondwa hutoa sianidi, ambayo ni sumu. Yatwange vizuri, uyachemshe kwa maji mengi katika sufuria isiyofunikwa hadi yalainike kabisa, ndipo utie nazi au karanga. Kitabu kikiagiza majani mabichi ya saladi, au majani ya kupitishwa motoni kwa dakika chache, kisamvu kisitumike hapo kamwe.

Hatua ya tatu ni vipimo. Sisi hununua kwa fungu, na fungu la masika huwa kubwa kuliko la kiangazi, ilhali kitabu hutaja gramu au kikombe, ambacho kwa vitabu vya Marekani ni takribani mililita 240. Pima uzito baada ya kuondoa mashina, maana kikombe cha majani hubadilika kulingana na mkono ulivyoyashindilia.

Hatua ya nne ni kupunguza maji. Majani ya msimu wa mvua ni laini na hutoa maji mengi yenyewe, kwa hiyo mchicha uliooshwa hauhitaji kuongezewa maji. Andika kwa penseli, pembeni mwa ukurasa, mwezi uliopika, jani ulilotumia na maji uliyopunguza, kwa sababu pishi hilohilo litahitaji kipimo kingine mwezi Agosti.

Mboga zikizidi, chemsha majani ya kunde kwa muda mfupi, yachuje na kuyaanika kivulini penye hewa hadi yakauke kabisa, kisha uyahifadhi katika chombo kisichopitisha unyevu. Siku ya kuyapika, yaloweke kwanza, halafu fuata pishi la kitabu linalotumia majani magumu, ukiongeza karanga za kusaga.