Kuchagua dekoda ya sauti ya treni ndogo: anza na mota, honi baadaye

Mpwa wangu hapa Malindi ana modeli ya injini ya GE (General Electric) ya Kimarekani, saizi ya HO yaani 1:87, kaipaka rangi ifanane na zile injini za daraja la 93 za reli ya zamani ya Kenya, sasa anataka ingurume kwa dekoda, yaani kadi ndogo ya ndani inayoendesha mota na kutoa sauti. Yeye na wengine wote huanza kuniuliza "dekoda ipi ina honi tamu?" na hilo ndilo swali la mwisho kabisa. Dekoda ikiungua ndio basi tena, kuagiza nyingine kutoka nje ni kungoja mzigo upya na ushuru juu. Hapa naongea na wenye reli ya DCC, ile ya kidijitali inayotuma amri kwa dekoda kupitia reli, kama yako bado ni DC ya kawaida tengeneza hilo kwanza.

Hatua 1: Angalia soketi

Fungua bodi, yaani ganda la juu la treni. Soketi ya pini 8 ni NEM 652, halafu kuna 21MTC na PluX22 ambazo ukiangalia harakaharaka unazichanganya, na treni nyingi za saizi ya N, ndogo kuliko HO, siku hizi ni Next18. Nunua ya soketi hiyohiyo. Kama hakuna soketi utapiga solda: nyekundu reli ya kulia, nyeusi ya kushoto, chungwa na kijivu kwa mota, na mota isiguse fremu popote.

Hatua 2: Pima mota inakula amp ngapi ikikwama

Hapa ndipo tulipokesha mimi na mpwa wangu, maana kila tukipima namba inabadilika, kwa hivyo soma pole pole. Unatoa dekoda kama ipo, unaweka mota kwenye volti 12 za DC, unaizuia isizunguke, unasoma amp. Namba hiyo lazima iwe chini ya uwezo wa dekoda. LokSound 5 ya HO, dekoda ya kampuni ya ESU, inabeba 1.5 A kwa mota, ile ndogo yake ya micro 0.75 A tu, na watu huchukua micro kwa sababu inaingia kirahisi bila kupima chochote.

Sasa vizuizi vyake. Usipimie kwenye reli. Huku kwetu upepo wa bahari unaleta chumvi, reli na magurudumu yanashika utando usiouona kwa macho, umeme unapita kwa shida na mita inakuonyesha namba ndogo ya uongo, gusisha waya moja kwa moja kwenye miguu ya mota. Halafu usitumie adapta ya wifi, ile ya 12V 1A, mota ikitaka zaidi ya hapo adapta inazidiwa, volti zinashuka, nawe unaona 0.9 unafurahi kumbe umepima adapta. Mimi natumia betri ya pikipiki yenye fyuzi ya 3 A kwenye waya, haiyumbi. Waya mwekundu wa multimeta uhamishe kwenye tundu la 10A, ukiuacha kwenye tundu la milliamp unaunguza fyuzi ya ndani. Na usishike magurudumu, gia za plastiki zitakatika meno, shika lile gurudumu zito la shaba kwenye shafti ya mota kwa vidole viwili, sekunde mbili tu kisha achia, mota iliyokwama inapata moto upesi. Rudia mpaka namba zikaribiane, halafu chukua ile kubwa.

Hatua 3: Sauti iendane na injini

Injini za EMD, kampuni nyingine ya Kimarekani, za zamani ni za mapigo mawili, GE ni mapigo manne, tofauti unaisikia kama pikipiki ya zamani ya kuchanganya oili na boda ya leo. Zile 93 zetu ni GE U26C, kwa hivyo sauti ya EMD hapo ni makosa hata honi iwe tamu vipi. Tsunami2, dekoda ya SoundTraxx, inauzwa kwa familia ya injini, EMD, GE au ALCO, na sauti zake zimo ndani, unachagua humohumo na huwezi kupakia nyingine. LokSound unafuta unapakia upya kwa LokProgrammer, kifaa cha ESU cha kupakia sauti, na kompyuta ya Windows, na faili za ESU ni bure kupakua. Mimi ni mtu wa LokSound, leo una GE kesho una nyingine, na kikundi cha watu watatu wanne mnaweza kuchanga LokProgrammer moja. Anayejenga Garratt ya daraja la 59, ile injini ya mvuke, aangalie zaidi, ile ina seti mbili za pistoni zinazopishana na kukutana tena, sauti ya seti moja inaharibu utamu wote.

Hatua 4: Spika

Kubwa kadiri inavyoingia, na kisanduku chake kizibwe kisivuje hewa, hiki ni muhimu kuliko bei ya spika. Fundi simu atakupa spika ndogo nzuri kwa pesa kidogo. Ipime, ya ohm 8 itasoma kama 7 hivi. Tsunami2 usiipe chini ya 8, LokSound 5 inakubali kuanzia 4.

Hatua 5: Jaribu kabla ya kufunga bodi

Weka kwenye reli ya programu, kipande cha pembeni cha kusoma na kupanga dekoda, umeme wake ni kidogo kwa hivyo waya ukigusana huna hasara kubwa. Soma CV8 (CV ni namba za mipangilio ndani ya dekoda, hii inataja mtengenezaji), ESU ni 151, SoundTraxx ni 141, kisha CV1, anwani ya treni, ambayo ikiwa mpya ni 3. Haisomeki? Futa magurudumu kwa spiriti usome tena. Ikikataa bado rudi kwenye waya wa mota na fremu, usiipeleke reli kuu mpaka isomeke.