Fleya za meli zilizopita tarehe: namna ya kuzijua, kuziweka na kuziwasha bila kuungua

Assalam aleikum wenzangu wa baharini. Hii ni kwa wavuvi na manahodha wa vyombo vidogo huku kwetu Unguja na Pemba, wa mashua, boti za faiba na hata ngalawa. Ukichungulia kwenye vyombo siku hizi hukosi kukuta fleya, zile fataki za kuombea msaada baharini, na mara nyingi si ya kununua, ni ya kupewa, imetoka melini. Meli kubwa sheria za kimataifa zinazilazimisha ziwe na roketi 12 kwenye chumba cha usukani, na kila boti ya kuokolea watu iwe na roketi 4, fleya za mkono 6 na za moshi 2, na tarehe ikifika zote zinabadilishwa hata kama hakuna aliyezigusa. Tarehe yenyewe kawaida ni miaka 3 au 4 tu toka kiwandani. Sasa hizo za zamani zinatakiwa zikaharibiwe kwa utaratibu, lakini nyengine zinapita mkono kwa mkono mpaka zinafika dikoni, pale vyombo vinapofikia, mtu anapewa moja anaitia chini ya tezi na anaona keshamaliza.

Hajamaliza. Msimamo wangu nausema mapema kabisa, fleya iliyopita tarehe usiihesabu. Kama unavuka mkondo wa Pemba au unakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, tafuta japo mbili za mkono mpya, hiyo ya kupewa iwe ya ziada tu, na kama hali yake mbaya isipande chomboni hata kidogo. Meli ya Spice Islander ilizama usiku, Septemba 2011, pale mkondo wa Nungwi, na kila mtu hapa anajua usiku kwenye maji mtu haonekani hata boti ikimpita karibu. Mwanga wa dakika moja pale ni roho ya mtu, kwa hivyo hakikisha huo mwanga upo kweli.

Anza kwa kujua umepewa kitu gani, maana nyingi ni vibomba vya plastiki na gizani zinafanana. Roketi ni bomba nene refu kama la kushika kwa mikono miwili, inaruka si chini ya mita 300, inafungua mwamvuli na inawaka nyekundu sekunde 40 huku inashuka pole pole. Hiyo ni ya kumuita mtu aliye mbali, asiyekuona wala asiyejua kama upo. Fleya ya mkono ni nyembamba, ina mpini, inawaka nyekundu kali dakika nzima, na kazi yake ni kumwambia mtu alokwisha kuwa karibu "mie niko hapa". Ya moshi ni kopo, inatupwa majini inaelea na kutoa moshi wa rangi ya chungwa kama dakika 3, hii ni ya mchana peke yake, usiku haina maana yoyote. Na tusidharau ya mchana, meli ya Skagit ilizama mchana Julai 2012 karibu na Chumbe, ajali haichagui saa.

Halafu kuna vitu vinavyoshushwa pamoja na fleya lakini si fleya za kuombea msaada, hapa watu wanachanganya sana. Fleya ya mkono nyeupe ni ya kumuonya mwenye meli asikugonge, ukiiwasha unaomba usigongwe, huombi kuokolewa. Kuna roketi ya kurushia kamba, ile inabeba kamba zaidi ya mita 200 na ina nguvu ya kumuua mtu ikimpiga, usiichezee. Kuna kopo kubwa la chungwa linalokaa pembeni mwa chumba cha usukani limefungwa na boya, la mtu aliyeanguka baharini, hilo linatoa moshi dakika 15 na halikutengenezwa kushikwa mkononi. Na kuna jambo la tofauti kabisa: kopo la chuma au bomba lililotupwa na bahari ufukweni, halina maandishi au maandishi yake ya kijeshi. Hilo usiliokote, usilipindue, usilitie ndooni ukalipeleke nyumbani watoto walione. Baadhi ya alama za kijeshi zina kemikali inayowaka yenyewe ikikutana na maji au hewa. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, kawaambie KMKM, kile Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, au polisi.

Ukishajua ni fleya ya kweli ishike kwenye mwanga mzuri, uisome na uipapase. Tafuta tarehe mbili, ya kutengenezwa na ya kwisha, zimepigwa kwenye bomba lenyewe na si kwenye boksi, maana boksi linaweza kuwa la nyengine. Tafuta na picha za maelekezo, na alama ya usukani wa meli kama ipo, hiyo inaonyesha imepita ukaguzi wa Ulaya. Kama karatasi imechubuka mpaka huoni upande upi moto unatokea, mie ningesema hiyo imeshakufa hata kama ni mpya, kwa sababu usiku chombo kinayumba hutobahatisha. Kisha pitisha kidole kwenye vifuniko vyote viwili. Kifuniko kikizunguka kwa ulegevu, huenda maji ya chumvi yameshaingia. Angalia plastiki kama imepasuka kama nywele, imevimba, imebadilika rangi kwa jua, na kama kuna kamba ya kuvutia fungua taratibu kifuniko cha chini tu utazame bila kuigusa, ikiwa imeoza au kipete chake kimeota kutu rudisha kifuniko na uitenge. Ukiona unga wowote umevuja, wa kijivu au mweupe, au magandamaganda ya chumvi kwenye mdomo, usiitikise na usiigonge, iweke chini kivulini mbali na watu.

Na tafadhali sana, yakhe, bomba lenyewe usilipasue. Najua kuna watu wanaona ndani mna baruti nzuri inaweza kufanya kazi nyengine, na wengine wanawaza mambo ya kulipua samaki. Ndani mna magnisiamu na chumvi za kemikali zilizosindiliwa pamoja, ile stronti ndo inayotoa wekundu, na msuguano wa kisu peke yake unaweza kuiwasha. Ikiwaka inapita digrii 1,000 na ndoo ya maji haiizimi, fleya ya mkono imetengenezwa iendelee kuwaka hata ukiizamisha. Basi fikiria mkono.

Kuiweka si kazi ngumu ila watu hawaifanyi. Mkebe wa plastiki wenye mfuniko wa kubana, au dumu pana lililokatwa na kufungwa vizuri, ndani kitambaa kikavu, na mkebe wenyewe ufungwe karibu na nahodha anapokaa. Usiutie ngamani ambako maji yanakaa, wala karibu na galani za petroli, wala juu ya mashine. Jua letu la kaskazi linapika kila kitu, boti ikipandishwa ufukweni chukua mkebe nyumbani, uweke juu pahala watoto hawafiki. Fleya nzuri na fleya iliyopita tarehe zisikae mkebe mmoja bila alama, funga utepe au uzi kwenye ya zamani ili hata gizani kwa kupapasa tu ujue ipi ni ipi. Na kabla ya kutoka kila baharia, hata yule kijana wa kuchota maji, aonyeshwe mkebe uko wapi na kila moja inafanya nini, maana huenda nahodha ndo wa kwanza kuanguka.

Sasa kuwasha. Fleya haiwashwi kwa sababu mashine imezima na mmetulia mnatengeneza, inawashwa roho za watu zikiwa hatarini. Ya kwanza ni roketi. Shika kwa mikono miwili, mshale uelekee juu, usiinamie bomba, uso nje kabisa, na simama upande wa demani wa chombo, kule upepo unakoelekea, ili cheche zisirudi kwenye tanga au kwenye petroli. Roketi ina tabia ya kuukimbilia upepo, kwa hivyo upepo ukiwa mkali iegemeze kidogo demani, na mawingu yakiwa chini ipige kwa nusu mlalo, kama digrii 45, iwakie chini ya mawingu si ndani yake. Kama unazo mbili piga ya kwanza, subiri kama dakika mbili, piga ya pili, kwa sababu ya kwanza inamfanya mtu ageuze kichwa na kujiuliza, na ya pili ndo anapata upande wa kuja. Helikopta au ndege ikiwa karibu usipige roketi kabisa, tumia ya mkono au moshi.

Ya mkono usiiwashe mpaka umeona taa ya chombo au umesikia mashine, dakika moja inakwisha haraka mno. Vuta mpini kama ni wa kuvuta, inyooshe mkono wote nje ya chombo upande wa demani, iinamishe kidogo ielekee baharini kwa sababu inadondosha matone ya moto, na tone moja kwenye faiba au kwenye boti ya mpira linatoboa. Usiitazame, utaona weusi tu dakika kadhaa na wewe ndo unatakiwa uone njia. Kama una glavu vaa, kama huna zungushia kitambaa kilicholoa kwenye mpini. Moshi utupe majini demani, usitupe joshini, kule upepo unakotoka, ukawakaba wenzako.

Ikikataa kuwaka, na hizi za zamani ndo tabia yao, hapo ndo watu wanaumia. Usiigeuze kuitazama mdomo. Ishike vile vile imeelekea nje angalau nusu dakika, maana nyengine zinachelewa kisha zinaripuka, halafu itupe majini mbali na chombo na uchukue nyengine. Na kama zote zimekataa kuna ishara nyengine zinazojulikana dunia nzima, kunyanyua na kushusha mikono yote miwili pole pole pembeni mwa mwili, kupiga honi au firimbi bila kukatisha, kumulika SOS kwa tochi, au kuita kwenye redio ya baharini, chaneli 16 ya dharura, kama unayo.

Kuhusu kujaribu moja ufukweni uone kama bado nzima, hapana, hata sikukuu, hata harusini. Fleya nyekundu ni ishara ya kuomba msaada, mtu akiiona Makoongwe au Kigomani atatoa boti, KMKM watatoka, na usiku huo huo kama kuna wanaozama kweli upande mwengine basi umewachukulia waokoaji wao. Na ile iliyoharibika, ukiwa huko salama nchi kavu, usiizike, usiitie motoni, usiitupe jaani wala baharini. Iweke peke yake kwenye ndoo kavu yenye mchanga, kivulini, nenda kawaulize KMKM walio karibu nawe au mamlaka ya usafiri baharini namna wanavotaka uipokeze, waeleze ni ngapi na hali yake, na usipande nazo daladala kabla hawajakwambia.