Ukikuta Makala ya Mwenzako Inafanana na Utafiti Wako: Jinsi ya Kulalamika kwa Jarida

Uko maktaba ya Mlimani, umefungua makala mpya, na swali ni lile lile lako, mbinu ile ile, hata jedwali unalitambua. Inauma, najua. Ila usiandike neno kwenye kundi la WhatsApp la idara. Ipakue makala na uihifadhi pamoja na tarehe ya leo.

Kisha isome mara mbili. Mwaka 1858 mwanasayansi Alfred Russel Wallace alimtumia mwenzake Charles Darwin andiko lenye wazo lile lile, la jinsi viumbe wanavyobadilika, ambalo Darwin alikuwa amelishughulikia karibu miaka 20. Kazi zao zikasomwa pamoja London, tarehe 1 Julai. Wanaochambua sensa ya 2022 nao watakutana njiani bila mtu kumwibia mwenzake. Jiulize: kilichofanana ni wazo, ni sentensi, au ni data ulizokusanya wewe? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 hailindi wazo tupu.

Sasa kusanya tarehe: rasimu ulizomtumia msimamizi, kibali cha utafiti, barua pepe ya jarida, ratiba ya kongamano ulilowasilisha. Zilinganishe na siku makala yake ilipopokelewa, ambayo majarida mengi huiandika, wala si siku ilipochapishwa. Huenda alikutangulia.

Kazi kubwa ni jedwali la safu mbili: kushoto maneno yako na ukurasa, kulia ya kwake. Linachosha, lakini ndilo litakalokusemea. Mwonyeshe msimamizi wako kabla ya mtu mwingine yeyote.

Barua iende kwa mhariri mkuu wa jarida lililochapisha, ukurasa mmoja, bila neno “mwizi”:

“Naomba uchunguze kufanana kwa makala hizi mbili. Nimeambatanisha jedwali la ulinganisho na ushahidi wa tarehe.”

Majarida mengi hufuata miongozo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji. Mhariri humpa mwandishi nafasi ya kujibu. Jibu lisiporidhisha, huiandikia taasisi yake. Makala inaweza kusahihishwa au kuondolewa. Ukiona kimya, kumbushia kwa maandishi. Ukimaliza ngazi za jarida, na jarida ni mwanachama, peleka malalamiko COPE.

Na ukigundua mmekutana tu, itaje makala yake kwenye yako, eleza wewe umeongeza nini, kisha wasilisha.