Kupima kama neutrofili zinatoa superoksidi

Chukua damu kwenye kichupa cha heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na uipime ndani ya saa 24. Neutrofili, seli nyeupe za damu zinazotumia superoksidi (oksijeni yenye elektroni ya ziada) kuua vijidudu, hufa upesi. Gawa damu kwenye mirija miwili, tia dihidrorodamini 123 (rangi inayong'aa kijani ikioksidishwa) kote, kinga na mwanga, acha dakika 15 kwenye nyuzi 37. Ongeza PMA, kemikali ya kuamsha seli, kwenye mmoja tu. PMA haipitii mlango wa kipokezi cha juu ya seli: huamsha protini kinase C, kimeng'enya cha ndani ya seli, moja kwa moja, nayo huitia fosfati p47phox, kipande cha oksidesi ya NADPH (kimeng'enya kinachotengeneza superoksidi), oksidesi hiyo ikaungana kwenye utando. Baada ya dakika 15 nyingine, seli timamu hung'aa kijani.

Mrija usio na PMA uking'aa pia, seli zilishaamshwa, pengine kwa kutikiswa mno. Mng'ao hafifu usiulaumu haraka kwa oksidesi. Upungufu wa mieloperoksidesi, kimeng'enya kingine cha neutrofili kinachosaidia kuoksidisha rangi hiyo, nao huufifisha.