Nyara: uliza kwanza ukubwa wa sanduku
Kabla hujaamua nyara (kichwa au ngozi ya mnyama uliyemwinda) ijazwe ionekane kama hai kule ulikowinda au nyumbani, omba vipimo vya sanduku la kusafirishia kwa njia zote mbili. Mizigo ya ndege hutozwa kwa nafasi pia, si kilo tu: kichwa kilichokwisha kujazwa, na shingo na pembe zake, kinakula sanduku kubwa ambalo sehemu yake ni hewa tupu, ilhali ngozi iliyokaushwa kwa chumvi hukunjwa ikalala kando ya fuvu. Hesabu hii ndiyo iliyonigeuza mimi nikachagua kujazia nyumbani. Njia hiyo haifai kama fundi wa nyumbani hajawahi kumjaza mnyama wa aina hiyo (kagua kope na midomo ya kazi zake, uzembe huonekana hapo), na faida yake hupungua nchi yako ikidai ngozi ipitie kituo kilichoidhinishwa kwanza. Gharama hiyo nayo iongeze.