Mtoto hatulii, hamalizi kazi: mzazi aanzie wapi kabla ya kushika fimbo

Nafundisha darasa la tatu huku Pasua, Moshi, na wazazi hunijia na ombi lile lile: "Mwalimu, huyu mchape tu, ana kichwa kigumu." Huenda mtoto huyo ana ADHD, yaani hali ya kushindwa kutulia na kukaza fikra, na fimbo haiitibu. Mtoto mwenye hali hii ubongo wake unapata shida kujizuia na kushikilia jambo moja, na kwa sehemu kubwa ni hali ya kurithi. Malezi mabaya siyo chanzo, wala soda na pipi.

"Mbona katuni anaangalia masaa mawili hatikisiki?" Hili ndilo linalowapoteza wengi. Katuni inamvuta yenyewe. Hesabu zinamtaka ajivute, na hapo ndipo anapokwama. Kwa hiyo mpime kwa kazi zisizo na utamu: kuvaa viatu asubuhi, kunakili sentensi ubaoni.

Chukua daftari, andika kwa wiki kadhaa: ulimtuma nini, akaishia wapi, nini kilimkatiza. Mzazi mmoja aliandika, "Nimemtuma chumvi, amerudi na tairi la baiskeli, chumvi hakuna, hela hajui iko wapi." Maelezo ya namna hiyo yanamsaidia daktari kuliko kusema "mtundu sana". Mwombe mwalimu naye aandike yake, maana daktari atauliza kama dalili zipo nyumbani na shuleni pia, zimedumu angalau miezi 6, na zilianza kabla ya miaka 12. Zikionekana shuleni tu, ulizia kwanza kinachomsumbua huko.

Na tafadhali, mwangalieni binti mkimya. Amekaa vizuri, macho yako dirishani, daftari lina tarehe peke yake. Hasumbui mtu, basi anapita darasa hadi darasa bila msaada.

Kisha nenda kituo cha afya. Apimwe macho na masikio, na ueleze anavyolala. Mtoto anayekoroma usiku kucha naye mchana hatulii. Ikibidi, omba rufaa ya hospitali ya Mawenzi au KCMC hapa Moshi. Dawa zipo na zinasaidia wengi, ila aandike daktari. Kwa walio chini ya miaka 6 huanzwa na kumfundisha mzazi namna ya kumwongoza mtoto.

Wakati unasubiri: msogelee, mwite jina, akutazame, mpe agizo moja. Akilimaliza msifu hapo hapo, ndipo umpe la pili. Na mwambie mwalimu amkalishe mbele, mbali na mlango.